Koti la Mwenyekiti na Maana ya Kutembeza

Kwako Ndugu Mhariri wa Kamusi,
na kwenu nyote mnaokaa humo ndani mkigawa maana,

Natumai barua hii itawakuta wazima, mmekaa. Mimi pia ni mzima, nimesimama.

Kabla sijalalamika nijitambulishe, maana adabu ninayo, ila huwa situmii yote kwa siku moja. Mimi ni mzee ninayetembeza vyombo. Mitaani wananiita Babu Mabeseni, jina ambalo mke wangu halitaki hata kulisikia, kwa sababu linamfanya yeye kuwa Bibi Mabeseni. Shule nilisoma mpaka siku mwalimu aliponiambia nimesoma vya kutosha, akanifungulia mlango kwa mkono wake. Kwa hiyo mkikuta herufi imekaa pasipo pake, isogezeni tu, msinirudishie barua.

Sijawahi kugombana na kitabu. Nimegombana na mbwa, na walinzi wa mageti, na mashemeji wa pande zote mbili, lakini kitabu ni mara ya kwanza. Na hiki chenu ndicho kimeanza.

Kazi yangu ni hii. Nabeba mabeseni, sufuria, vichujio na majagi ya plastiki, vingine kichwani, vingine mabegani, mpaka nikipita kando ya ukuta kivuli changu kinaonekana kama kabati linalotoroka. Naita, "Mali kwa mali, mali kwa mali." Mama mwenye nyumba anatoka na nguo kuukuu. Tunabishana. Tukielewana yeye anabaki na chombo, mimi naondoka na nguo. Nguo nazipeleka kwa mwenye stoo, naye ananipa vyombo vingine na unga wa kula nyumbani. Basi. Hapo katikati hakuna noti inayopita, wala sarafu.

Sasa shida imeanza na koti.

Mwenyekiti wa mtaa ninaoutegemea ni mtu wa koti. Ni koti la kijivu, lina mifuko minne na kifungo kimoja cha rangi ya peke yake. Analivaa akifungua kikao, analivaa akifunga kikao, na mkewe anasema hata akienda kuoga hulitundika mahali ambapo wanaweza kuonana. Siku moja joto likamshinda, akaliacha nyumbani akatoka na shati. Mimi nikapita. Mama Mwenyekiti akaja mlangoni amelishika koti kwa vidole viwili, kama mtu anayemtoa panya ndani, akaniambia, "Babu, lichukue hili upesi kabla sijapata huruma." Nikampa beseni kubwa lenye mfuniko. Akalikumbatia. Kwa akili yangu ile ilikuwa biashara safi, kila mtu kaondoka na anachokitaka isipokuwa mmoja, na huyo hakuwepo.

Mwenyekiti aliporudi akalikosa, na nilipotumwa kulifuata, koti lilikuwa limeshatoka kwa mwenye stoo likaenda gereji, na fundi ameshaligawa vipande. Nilikwenda kulitazama. Mkono wa kushoto unafutiwa oili, na fundi anausifu sana.

Nikaitwa ofisini. Ofisi yenyewe ni chumba kimoja, kina meza iliyofungwa waya mguuni, benchi la wenye shida, na kalenda ya mwaka uliopita ambayo haijatolewa kwa sababu picha yake ni nzuri. Mwenyekiti alikuwa amekaa na shati tu, na watu wawili waliingia wakamuuliza yeye mwenyewe Mwenyekiti yuko wapi. Hilo halikunisaidia.

Akaniuliza, "Mzee, kazi yako nini?"

Nikasema natembeza vyombo. Hapo ndipo akavuta kamusi yenu kutoka chini ya meza, akalowesha kidole, akasoma kwa sauti ya hotuba: "Tembeza. Pitisha bidhaa nyumba kwa nyumba ili kuziuza." Akafunga kitabu, kidole kikabaki ndani. "Haya. Mke wangu ulimuuzia nini?" Nikasema sikumuuzia kitu. "Basi hukuwa unatembeza." Nikasema nilikuwa natembeza. "Kitabu kinakataa, mzee wangu. Sasa niambie mbele za watu, mlangoni kwangu, mimi nikiwa sipo, ulikuwa unafanya nini ambacho hakina jina?"

Benchi zima likacheka. Mtu mmoja ambaye alikuja kwa shida ya bomba la maji akasema, "Hapo babu kabanwa." Kweli nilibanwa. Akatoa uamuzi kwamba mpaka nilete ushahidi wa maandishi kuwa kazi yangu ipo, nisikanyage mtaa wake na mzigo.

Ndugu Mhariri, mtaa huo ndio unaonilisha. Mitaa mingine iliyobaki ni miwili. Mmoja una mbwa wasio na mwenyewe. Mwingine una maghorofa, na huko ukibonyeza kengele ukuta ndio unaokujibu, na ukuta hauna nguo kuukuu. Nikiukosa mtaa wa Mwenyekiti nitakaa nyumbani mchana kutwa na mke wangu, ambaye ameshanijulisha kwamba naye hayuko tayari kwa jambo hilo.

Kwa kuwa Mwenyekiti hamwamini mtu isipokuwa ninyi, naleta malalamiko yangu kwenu.

1. Mmesema "ili kuziuza". Nani amewaambia? Kuuza ni kazi ya mtu wa dukani. Anakaa, anasubiri, mteja anakuja na shida yake, anapewa, anaondoka. Mimi nafanya kazi ngumu kuliko hiyo. Mimi nashawishi mtu aiangalie suruali aliyoishi nayo miaka mingi na kukiri kwamba imekwisha. Mama anaileta, anasema, "Babu, hii bado nzima." Naigeuza, naitazama nyuma, nasema, "Nzima, ila aliyeivaa alikuwa anapenda sana kukaa." Anacheka, hasira inampungua, anateremka kutoka kwenye sufuria mpaka kwenye kichujio. Au mwingine ananiletea shati ambalo kola imebaki jina tu, naye anataka ndoo. Namwambia, mwanangu, kwa shati hili nitakupa pole. Anaingia ndani, anarudi na shati jingine juu yake, tena hili limepigwa pasi, na mwenye kulipiga pasi yuko kazini anadhani jioni atalivaa. Hayo yote mmeyaita kuuza. Mtu aliyeandika neno hilo, naomba msinionyeshe, nitamwonea huruma.

2. Mmesema "nyumba kwa nyumba". Si kweli hata kidogo. Mtembezaji anayepita nyumba kwa nyumba bila kuruka hafiki mwisho wa mtaa. Kwanza unatazama kambani. Ukiona suruali za kiume zimeanikwa asubuhi, mume katoka, piga hodi. Ukisikia redio ya taarifa ya habari, mume yupo, pita kama huna haja. Mume akiwa likizo, nyumba hiyo iruke mpaka likizo iishe, maana mume wa likizo anakumbuka hata soksi alizozipoteza kabla hajaoa. Kwa hiyo nashauri mwandike "nyumba kwa nyumba, mume akiwa hayupo". Mke wangu amelisoma jambo hili, akaweka miwani chini, akaniuliza, "Wewe mzee, unataka kamusi ikutetee au ikuzike?" Nimeliacha hivyohivyo. Ukweli ni ukweli, na yeye anatoka mtaa mwingine.

3. Asili ya neno. Mmeandika kwamba tembeza limetokana na tembea, mkaishia hapo, kama mtu aliyesema mtoto ametokana na mama yake halafu akaenda kulala. Mimi nimefanya utafiti. Nimejiuliza mwenyewe na nikajijibu bila kusita.

Kuna suruali moja ya kaki ilitoka kwa fundi bomba. Mkewe aliitoa akachukua jagi. Mwenye stoo akaipeleka kwa mshonaji, ikapunguzwa miguu, ikavaliwa na karani mmoja mfupi. Mke wa karani akachoka nayo, akanipa mimi, akachukua ndoo. Ikarudi stoo, ikakatwa, ikashonwa mfuko wa kutunzia vitunguu, na mfuko huo uko wapi leo? Umetundikwa jikoni kwa fundi bomba. Kila nikipita dirishani naitazama, nayo inanitazama, tumekuwa kama watu waliosafiri pamoja. Fundi bomba anachukua vitunguu kwenye suruali yake mwenyewe na hajui.

Hiyo ndiyo bidhaa iliyotembezwa. Ingeuzwa ingekuwa imekaa kabatini mpaka leo, kwa sababu mtu akishanunua kitu anakionea uchungu, anakifungia ndani. Kitu kilichouzwa kimefika. Kilichobadilishwa bado kiko njiani. Kwa hiyo mtu wa kwanza kabisa aliyelitamka neno hili, ambaye namkadiria kuwa ni babu wa babu yangu kwa upande wa miguu, alikuwa anabadilisha. Kuuza kulikuja baadaye, na watu waliochoka. Ninyi mmemwandika mgeni mkamsahau mwenye nyumba.

4. Hapa naomba mnisikilize kwa upole. Katika kamusi yenu neno langu limewekwa mbali huko nyuma, na jirani yake wa chini ni tembo. Mmeeleza tembo kwanza kuwa ni mnyama mkubwa, halafu mkaongeza kuwa ni pombe. Sina ugomvi na mnyama, na pombe nimeshaagana nayo kwa maneno mazuri. Lakini Mwenyekiti alipokuwa ananisomea ofisini kidole chake kiliteleza, akanisomea vyote vitatu mfululizo, na yule mtu wa bomba la maji akasema, "Naam, ndiye huyo." Naomba nihamishwe. Nikikosa nafasi karibu na mwanzo, hata kati ya watu wa heshima kama mshonaji na msusi itanitosha.

Tena nimeona maneno mengine yana picha. Kinu kina picha. Konokono ana picha, na ameonyeshwa ubavuni, sehemu yake nzuri. Tembeza halina picha. Mimi nipo. Naweza kuja na mzigo wangu wote nikasimama mbele ya mchoraji mpaka amalize, sharti moja tu anichore nikiwa nimefunga mdomo, kwa sababu meno mengine hayatoki na mimi siku hizi.

5. Sasa niseme lile lililoko moyoni. Shida yote, Ndugu Mhariri, ni kwamba vitenzi vya miguu vimepewa watu wa kukaa. Ninyi mmekaa mkaandika. Mwenyekiti amekaa akasoma. Jina lake lenyewe linaeleza kwamba kitu alichonacho ni kiti. Mtu wa namna hiyo atajuaje kutembeza? Naomba kuanzia toleo lijalo kila neno lirudishwe kwa mwenye kazi yake alikague. Kukoroma mpeni mlinzi wa gereji. Kuahidi mpeni yule mtu wa bomba la maji, ambaye ameahidiwa mpaka amebobea. Kununa lipelekeni nyumbani kwangu, yupo mtaalamu. Na koti mlifanyie marekebisho yafuatayo: "Koti, vazi zito la mwanamume, ambalo mkewe ana haki ya kulitoa mlangoni likianza kusimama lenyewe." Mkishaliandika hivyo, kesi yangu imekwisha, na kesi nyingi za mitaani zimekwisha pamoja nayo.

Ili kuwapunguzia kazi, nimewaandikia maana mpya ya tembeza. Mnaweza kuinakili kama ilivyo:

"Tembeza. Beba vyombo pita mitaani ukiita. Ruka penye redio. Badilishana na mama mwenye nyumba kwa nguo kuukuu, au isiyo kuukuu sana. Sikiliza habari za ndoa yake bila kuchangia. Kunywa maji ukipewa. Ondoka bila kukimbia. Kuuza hakumo."

Mkiichapa, nitumieni ukurasa huo mmoja tu, kamusi nzima ni nzito na mimi nina mzigo tayari. Nitaupeleka ofisini, nitauweka mezani palipofungwa waya, na Mwenyekiti atausoma kwa sauti ileile ya hotuba mbele ya benchi. Hapo nitakuwa mtu mwenye kazi yenye jina, na mtaa nitarudishiwa. Hicho tu ndicho ninachokitafuta. Haya mengine nimeyaongeza kwa sababu karatasi ilikuwa bado ina nafasi.

Nisalimieni wote mnaofanya nao kazi. Yule anayeshughulikia herufi A mpeni pole, nasikia watu wote huanzia kwake na kumlaumu. Yule wa Z mwambieni apumzike, maneno yake ni machache na hakuna anayefika huko. Mpishi wa chai msalimieni kwa jina lake. Na wake wa wote walioko hapo ofisini wasalimieni kipekee, muwaambie kama kuna koti, shati au kaptura inayowachosha macho, yupo mzee ana mabeseni yenye mfuniko, rangi zote.

Ni mimi, nisiyekaa,
Babu Mabeseni,
Mtembezaji (mkikubali)

Nyongeza: Ndugu Mhariri, barua nilikuwa nimeshaikunja na kuibandika stempu, ambayo mama wa posta alinipa kwa kisahani cha sabuni. Ningeichana kama isingekuwa stempu hiyo, maana haibanduki na kisahani hakirudi. Kwa hiyo naituma, lakini naomba mwanze kusoma hapa, na mkishamaliza hapa msiendelee na huko juu.

Asubuhi hii Mwenyekiti amebandika tangazo ukutani kwake, mwanzo wa mtaa, limepigwa muhuri mara mbili. Linasema: "Kuanzia leo ni marufuku kwa mtu yeyote kutembeza bidhaa katika mtaa huu. Maana ya kutembeza ni kama ilivyoandikwa kwenye kamusi." Nililisoma mara mbili nikarudi nyumbani kulala. Mke wangu alikuwa ameshaanza kunitafutia kazi ya kuchambua mchele.

Kabla sijapata usingizi, hodi. Ni Mama Mwenyekiti, kavaa ndala, anahema. Akakaa kitandani kwetu kama kwao, akamwambia mke wangu, "Dada, huyu mzee wako kalala nini? Tangazo hajalisoma?" Nikamwambia nimelisoma, nimefukuzwa. Akanigeukia. "Babu, tangu nikufahamu umewahi kuniuzia kitu?" Nikafikiri. Nikasema sijawahi. "Umewahi kumuuzia mtu yeyote mtaani kwetu?" Sijawahi. "Sasa lile tangazo la wauzaji linakuhusu nini? Mume wangu kaandika mwenyewe, kapiga muhuri mwenyewe, na ile kamusi hawezi kuibishia hata nikimwekea chai ya tangawizi. Kawafukuza wa sabuni na wa mashuka, mtaa umebaki mtupu, ni wewe tu. Inuka. Wenzangu wamekaa vibarazani na mafurushi tangu saa mbili, na mimi kuna kofia."

Nimeinuka. Hivi ninavyoandika nyongeza hii nimeegemea ukuta wa Mwenyekiti, chini ya tangazo lake, kuna kivuli kizuri. Kapita hapa mwenyewe sasa hivi, kichwa wazi. Kasimama, kasoma tangazo, kanisoma mimi, karudi kwenye tangazo, halafu kaenda zake ofisini bila salamu. Nadhani kaenda kutafuta ukurasa.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, malalamiko ya kwanza mpaka ya tano nayaondoa. Msiguse neno. Msiongeze kubadilisha, msipunguze kuuza, hata nukta iacheni ilipo. Mmeandika vizuri sana, na kuanzia leo mimi si mtembezaji, sijawahi kuwa, na nitamshitaki atakayeniita hivyo. Ile maana mpya niliyowaandikia ichomeni, majivu msiyaache karibu na mchapaji.

Na huyo Mwenyekiti akiwaandikia, maana najua atawaandikia, kuwauliza ni kitenzi gani pale mzee anapoacha kichujio na kuondoka na kofia, mjibuni kwa heshima zote kwamba neno hilo bado halijapita mlangoni kwenu.